Gita la Padre na Kinanda Kilichokunywa Dawa

Kwa yule aliyefungiwa maandazi kwa gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nitasimulia kwa ufupi, halafu tuendelee na aibu yangu.

Mimi Limbu nilipunguzwa kazi kiwanda cha pamba mwaka tisini na nne, soko huria lilipoingia na kila mwenye lori akaja Bariadi na mizani yake. Wenzangu walirudi kushika jembe. Mimi nikashika gita. Mke wangu Ng'washi alinivumilia msimu mmoja. Msimu wa pili akafunga mzigo, akarudi kwa baba yake, kijiji cha Nkoma.

Nikamfuata. Baba mkwe wangu, Mzee Ndalahwa, alikuwa manju, kiongozi wa ngoma wa Bagika. Mimi kwetu ni Bagalu, kundi la ngoma linaloshindana nao tangu enzi za mababu. Hakunifukuza. Alinicheka, na hilo ni baya zaidi.

"Tushindane uwanjani," alisema mbele ya wazee. "Watu wakiniacha mimi wakakimbilia kwako, mchukue mkeo. Wakibaki kwangu, njia ya hapa uisahau."

Nikakubali. Akaongeza sharti.

"Wewe unajisifu umeleta muziki wa akili. Basi uje na akili tupu. Apa kwamba hutatia dawa."

Nikaapa, mkono juu, Ng'washi akinitazama kutoka mlango wa jiko. Hapo ndipo nilipowaacha.

Jumamosi ikafika.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye darasa la shule ya Nkoma, mimi na gita langu, Constantine na kinanda chake cha umeme. Shindano ni saa nane mchana. Tulikuwa tunapasha moto.

Huyu Constantine ni mtu wa Lamadi, mfanyabiashara wa dagaa. Kinanda alikipata kwa mtu aliyetoka Dubai, wakabadilishana na magunia ya dagaa. Kilikuwa na vibonyezo vya kila namna ya mdundo, na kimoja kimeandikwa disko. Ukikigusa tu: tumu, tumu, tumu, tumu! Hakichoki, hakiombi maji, hakiendi kunywa pombe ya mtama wakati wa mazoezi. Tulikiunga na betri ya gari na spika ya honi, ile ya kutangazia mikutano.

Na gita? Gita aliniachia Padre Anselmi, Mhispania, aliporudi kwao kuzeeka. Nilifagia misheni yake miaka sita, na kila jioni nilimsikiliza nikiwa chini ya dirisha. Kwao muziki ule wanauita flamenko. Haupigwi kwa kuchombeza. Vidole vitano vinafunguka kwenye nyuzi kama unamrushia mtu maji usoni, na kiganja kinagonga kifua cha gita kama askari mlangoni. Padre alipokolea, nyuki wa misheni waliacha mzinga wakaja kutua dirishani. Punda wake alijifunza kupiga mateke kwa hesabu.

Na hesabu yenyewe si ya kawaida. Inakwenda mpaka kumi na mbili ndipo inarudi mwanzo, na mkazo unaanguka pale usipoutegemea. Kinanda cha Constantine kinahesabu nne tu, kama mwanajeshi. Wiki mbili tuligombana, kila mmoja akidai mwenzake amepotea. Siku ya kumi na tano nikagundua: kinanda kikizunguka mara tatu, mimi nazunguka mara moja, tunakutana mlangoni. Tangu hapo kilikuwa kitu kimoja. Hata sisi wenyewe tulisisimka.

Basi, asubuhi ile tukaanza. Kumi na mbili ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, kinanda kikajikwaa.

Tumu, tumu... tu... tumutumutumu.

"Umegusa nini?" nikamuuliza.

"Sijagusa kitu, kaka. Mikono yangu hii hapa."

Tukaanza upya. Kikanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa, kikanyamaza, halafu kikatoa sauti moja ndefu isiyotaka kukatika. Nje watoto wakashangilia. Walidhani tumeshaanza.

Nikamtazama Constantine. Siku tatu nyuma mtu mmoja alininong'oneza kwamba amemwona njia ya Nkoma, peke yake, kwenye baiskeli. Mtu wa Lamadi, dagaa wake wanauzwa Bariadi. Nkoma anafuata nini?

"Constantine," nikasema, "wewe na Mzee Ndalahwa mnajuana?"

"Nimjulie wapi?"

"Jumatano ulikuwa wapi?"

"Jumatano? Kaka Limbu, tuna saa nne tu tupande uwanjani, wewe unanifanyia upelelezi?"

"Jibu."

"Nilikwenda kuangalia uwanja. Niweke spika upande gani, upepo unavuma kutoka wapi. Nawe ungekwenda, kama ungekuwepo. Jumanne yote na Jumatano asubuhi hukuonekana Bariadi. Ulikuwa wapi wewe?"

Nikakohoa.

Ndugu zangu, hapa lazima nikiri. Nilikuwa Mwandoya, kwa Bibi Kwandu, mganga.

Msinihukumu haraka. Kwetu hakuna manju anayeingia uwanjani mtupu. Ngoma mbili zinapigwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, na hakuna mwamuzi wa kuandika alama. Watu wanaamua kwa miguu: wakihama kwako, umekwisha. Ndiyo maana kila manju ana mganga wake wa dawa ya mvuto, kama mchezaji mpira alivyo na viatu. Mimi nimeapa, ndiyo. Lakini niliwaza: je, mzee mwenyewe ameapa? Hakuapa. Atakuja na dawa ya miaka arobaini, mimi nije na hesabu ya padre?

Nikaenda.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanawane," akaniita mwanangu. "Ngoma yako iko wapi tuitazame?"

"Si ngoma, mayu. Ni kinanda cha umeme."

"Kina ngozi?"

"Hakina."

"Kinapigwa na nini?"

"Kidole. Na kuna mahali ukishagusa kinajipiga chenyewe."

Bibi Kwandu akaacha kusaga ugoro wake.

"Kinajipiga chenyewe, na wewe unataka kukiongezea dawa? Ngosha, hicho kinahitaji kupunguziwa."

Lakini alinipa. Unga mweusi uliokandwa kwa mafuta ya kondoo, kiasi cha ngumi ya mtoto. "Paka pale sauti inapotokea," akasema. Ngoma hupakwa kwenye ngozi, hilo anajua kila mtu. Kinanda kisicho na ngozi kinapakwa wapi?

Jumatano jioni, Constantine alipokwenda kuoga huko gesti alikopanga, nilifungua kifuniko cha betri nyuma ya kinanda. Betri ndogo hatukuwa tunatumia, pale palikuwa patupu, na kulikuwa na mwanya wa kuingilia ndani. Nikasukumiza dawa yote kwa kidole. Yote. Hata ile iliyobaki kwenye kucha nilipangusia humo humo.

Alhamisi kinanda kilipiga vizuri. Ijumaa vizuri. Nikajipongeza. Sikujua kwamba mafuta ya kondoo yalikuwa yamelala tu, yanangoja jua la Nkoma.

Ila ile asubuhi sikuwaza mafuta hata kidogo. Mimi nilikuwa namwaza Constantine. Ndivyo alivyo mtu mwenye kosa, ndugu zangu: anatafuta mwizi huku amekalia kuku.

"Tufungue," akasema Constantine, akatoa bisibisi.

"Tusifungue!" nikaruka. "Tutaharibu zaidi."

"Kaka, kimeshaharibika. Unaogopa nini?"

"Siogopi."

"Basi shika hapa."

Akatoa kifuniko cha betri. Mafuta meusi yakachuruzika mpaka kwenye dawati.

Nikafungua mdomo, nikapiga mikono. "Mungu wangu! Nani kafanya hivi?"

Constantine akatazama mafuta. Akanitazama mimi. Akatazama mafuta tena, akanusa.

"Nani kafanya hivi," naye akasema, polepole, bila alama ya kuuliza.

"Ni Mzee Ndalahwa huyo!" nikasema. "Katuma mtu!"

"Inawezekana," akasema Constantine. "Wazee wabaya sana hawa."

Nilipumua. Halafu nikaona kitu kingine, kimebanwa pembeni mle ndani. Kifundo cha kitambaa, kidogo kama punje ya karanga, kimefungwa kwa uzi.

Hicho sikukiweka mimi.

Nikakichomoa haraka kabla Constantine hajainua kichwa. Kitambaa kilikuwa cha kanga. Chekundu, na kipande cha ua la korosho pembeni. Kanga hiyo niliinunua kwa mkono wangu mwenyewe pale Binza, Maswa, nikamfunika nayo Ng'washi siku niliyomtoa kwao.

Damu ikanipanda. Kinanda kile siku zote kinalala gesti, chumbani kwa Constantine. Mke wangu alifikaje chumbani kwa Constantine?

Nikakitia kile kifundo mfukoni. Nilitaka kwanza nishinde. Ugomvi baadaye.

"Una kitu mfukoni?" akauliza Constantine.

"Ugoro."

"Hunusi ugoro wewe."

"Nimeanza leo."

Tukakiosha kile kinanda kwa gongo. Tulinunua chupa nzima kwa mama mmoja nyuma ya shule, tukachovya pamba, na pamba Nkoma haikosekani, tukafuta kibonyezo kwa kibonyezo. Saa sita na nusu kikazinduka. Midundo yote ilikufa, isipokuwa disko. Nasi tulikuwa hatuhitaji mwingine.

Saa nane uwanja ulijaa. Wazee walipanga magunia ya pamba katikati, marefu kuliko mtu, kwa sababu mkwe na mkwe hawatazamani wakitikisa mabega. Upande ule Ndalahwa na ngoma zake kumi na mbili. Upande huu mimi, Constantine na betri ya gari.

"Wewe mfagiaji wa misheni!" akapiga kelele mmoja wa Bagika. "Leo utafagia uwanja!"

"Hicho ni kinanda au cherehani?" akauliza mwingine.

"Mwacheni, anashona suruali ya kwenda ukweni!"

Watu wakacheka, wakahamia kwa Ndalahwa wote. Ngoma zake zilianza, na ardhi ikatikisika. Upande wangu walibaki mbwa wawili, na kikongwe mmoja ambaye nadhani alikuwa amelala.

Nikaanza peke yangu. Nyuzi tu. Vidole vitano vikafunguka, kiganja kikagonga, na nikahesabu kumi na mbili kwa mguu. Mara moja. Mara mbili. Kikongwe akafumbua jicho.

"Sasa," nikamwambia Constantine.

Tumu, tumu, tumu, tumu!

Spika ya honi ikauchukua ule mdundo mpaka ng'ambo ya mto. Gita langu likapanda juu yake. Mtu mmoja akachungulia pembeni mwa magunia. Halafu watatu. Halafu akina mama wakaja na makofi, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hata padre hakunifundisha. Watu wale wamezoea kulima kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Miguu yao ikachukua nne ya kinanda, makofi yao yakachukua kumi na mbili yangu, na hakuna aliyeelekezwa. Mwili wenyewe ulijua mlango uko wapi.

Nawaambia, vumbi lililotimka siku ile lilionekana Maswa, wakadhani mvua imewahi msimu.

Upande wa Ndalahwa walibaki wapigangoma wake. Baadaye wapigangoma wenyewe wakapungua, mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kujisaidia. Mwisho mzee alisimama peke yake na jembe lake la kuchezea, anatikisa mabega mbele ya magunia.

Wazee wakapuliza filimbi. Magunia yakasogezwa.

Mzee Ndalahwa alikuwa anahema. Akanyoosha mkono. "Umenishinda, mkwe. Neno langu ni neno. Ng'washi!"

Ng'washi akatoka kati ya wanawake. Alikuwa amejifunga ile kanga nyekundu. Pindo la chini lilikuwa na tundu, limekatwa kwa kisu.

"Baba, ngoja kwanza," akasema. "Usimpe bado."

Watu wakasogea karibu.

"Limbu, asubuhi kinanda kiliharibika?"

"Kiliharibika kidogo."

"Mkakifungua?"

"Tukakifungua."

"Mkakuta nini ndani?"

"Hatukukuta kitu," nikasema. "Vumbi."

Ng'washi akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyelitegemea jibu baya akalipata.

"Baba, Alhamisi nilikwenda Bariadi na shangazi. Tulikwenda gesti, kwa huyu wa Lamadi. Nilifungua kinanda mbele yake nikaweka kifundo cha kanga hii. Ndani si dawa, ni mtama punje saba, hata kuku anaweza kula. Nilitaka kujua kitu kimoja. Limbu akikikuta, atauliza au ataficha? Kwa sababu hata kazi ilipokwisha kiwandani alinificha miezi miwili. Asubuhi anatoka na chakula kwenye kopo, kumbe anakwenda kukaa mtoni na gita."

Watu wakaguna. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekibana kile kifundo.

"Kitoe," akasema Ng'washi.

Nikakitoa. Punje saba zikahesabiwa mbele za watu. Kicheko kilichopigwa sitaki kukikumbuka.

"Hayo ya kuficha nimeshayazoea," akaendelea. "Lakini nilipofungua kile kifuniko, Baba, nilikuta na kingine. Mafuta meusi ya mganga. Yalikuwepo tangu Alhamisi. Na huyu wa Lamadi aliyaona, tulikuwa naye."

Nikageuka kumtazama Constantine. Tangu Alhamisi! Alikuwa anajua. Na asubuhi ile yote, kunusa, kushangaa, "wazee wabaya sana hawa", alikuwa ananiangalia mimi ninavyocheza, huku naye anacheza.

Uso wa Ndalahwa ulibadilika.

"Limbu. Uliapa mbele yangu. Mafuta ni ya nani?"

Jua liliniangukia lote kichwani. Nikisema ni yangu, nimekwisha, na Ng'washi amekwenda. Nikisema ni ya Bagika, wapigangoma wale watanitafuna na mifupa. Nikafungua mdomo bila kujua litatoka lipi.

"Ni yangu, mzee," akasema Constantine.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akapiga hatua mbele, akavua kofia.

"Niliyatia mimi. Sisi watu wa ziwani ndivyo tulivyo, hata nyavu tunazipaka. Kaka Limbu hakujua kitu."

Mzee Ndalahwa akamgeukia.

"Wewe uliapa?"

"Sikuapa, mzee. Hakuna aliyeniapisha."

"Basi hakuna kiapo kilichovunjwa." Akatema mate pembeni. "Ng'washi, mfuate mumeo."

Vigelegele vikapigwa. Watu wakaninyanyua juu juu. Mimi nilikuwa natazama chini, kwa wale wawili. Mtu akibeba kosa lako mbele ya kata nzima bila kuombwa, ujue kuna kitu anakinunua. Nani aliyekuwa anamuuzia?

"Asante," nilimsikia Ng'washi akimwambia. "Nilijua utasema hivyo."

Hata mimi mumewe sikujua.

Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa tangu asubuhi, kabla hata ya shindano. Akaenda kuuchukua jikoni. Hakunipa mimi. Alimpa Constantine. "Limbu mikono imechoka na gita," akasema.

Lori la pamba likatubeba watatu, tumekaa juu ya magunia. Likatushusha Bariadi jua likiwa linazama. Tangu nijuane na Constantine, mazoezi yetu yote tulifanyia gesti kwake. Kwangu sikuwahi kumpeleka, wala kumwelekeza.

"Nitatangulia na mzigo," akasema, akauweka begani.

Nikamwacha makusudi, nimwone atakapopotea.

Njia panda ya kwanza akakata kushoto. Kwenye mashine ya kusaga akapita nyuma, njia ya mkato wanayoijua majirani tu. Hakugeuka kuuliza hata mara moja. Ng'washi alitembea kando yangu akitazama miguu yake.

Alipofika mlangoni kwangu, Constantine alitua mzigo. Akainua mkono juu ya kizingiti, upande wa kulia, kwenye ufa wa tofali tunaoujua mimi na Ng'washi tu, akatoa ufunguo.